Kasa wa Kusini wasipimwe kwa wastani wa dunia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nieleze jambo moja kuhusu kasa wa bahari yetu ya Kusini, kuanzia Kilwa na Songo Songo hadi Msimbati na mdomo wa Mto Ruvuma. Oktoba 2025, katika mkutano wake uliofanyika Abu Dhabi, shirika la uhifadhi la IUCN lilitangaza kwamba kasa wa kijani, yule ambaye wavuvi wetu humwita kasa tu pasipo kuongeza neno, ameondolewa katika kundi la wanyama walio hatarini kutoweka na kuingizwa katika kundi la wale ambao hali yao haitii wasiwasi mkubwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba idadi yake duniani imeongezeka kwa takriban asilimia 28 tangu miaka ya 1970. Habari hiyo ni njema, na watu waliolinda fukwe kwa nusu karne wanastahili pongezi. Ila tangu ilipotufikia huku, kwa redio na kwa simu za mkononi, nimeisikia ikifasiriwa kwa namna inayonitia shaka: kwamba kasa amekwisha kupona, kwamba walinzi wa fukwe sasa wanaweza kupumzika, na, kwa wale wenye ujasiri zaidi, kwamba nyama yake inaweza kurudi sokoni.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalotokana na tangazo lile. Sheria ya Uvuvi namba 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake za mwaka 2009, zinazomlinda kasa, hazikuguswa, na mkataba wa CITES bado unawaweka kasa wote wa baharini katika kiambatisho chake cha kwanza, ambacho hakiruhusu biashara ya kimataifa ya wanyama hao. Tena tangazo linahusu aina moja tu. Ng'amba bado yumo katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, na duvi, kigome na noa, ambao nao ni aina nyingine za kasa, hawajatoka katika orodha ya wanaotishiwa. Lakini hata tukibaki na huyo kasa mmoja aliyetangazwa kuwa na nafuu, asilimia 28 ni wastani wa bahari zote. Mkulima wa Newala akiambiwa kwamba korosho zimeongezeka duniani, halali usingizi huku mikorosho yake imejaa ugonjwa wa ubwiriunga. Huitazama miti yake mwenyewe, huuliza mbegu ilitoka wapi, kisha hununua salfa. Sisi tunaoishi na kasa wa Kusini tunapaswa kuuliza maswali hayohayo mawili, yaani hawa wetu ni wa ukoo gani, na wana maradhi gani.

Swali la ukoo lina majibu zaidi ya tunavyodhani, kwa sababu kasa huandika nasaba yake mwilini. Ndani ya seli zake mna vijisehemu viitwavyo mitokondria, ambavyo vina vinasaba vyake vyenyewe, na vinasaba hivyo mtoto huvirithi kwa mama peke yake. Kasa jike akikomaa, baada ya miaka ishirini, thelathini au zaidi, hurudi kutaga katika eneo lilelile alikoanguliwa. Hivyo binti hutaga walikotaga mama na bibi, na alama ya kinasaba ya ukoo huo hubaki imefungamana na fukwe hizo kizazi baada ya kizazi. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2007 walisoma alama hizo kwa kasa wa kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, wakakuta kwamba wale wanaotaga katika visiwa vya kusini mwa Mlango wa Msumbiji, yaani Europa na Juan de Nova, ni kundi tofauti na wale wanaotaga kaskazini zaidi. Walikuta pia jambo lililowashangaza wengi: baadhi ya kasa wa kundi la kusini wana alama inayofahamika kwa kasa wa Bahari ya Atlantiki, dalili kwamba wapo mababu waliowahi kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema. Kwa jicho la mvuvi kasa hawa wote ni wamoja. Kwa vinasaba si wamoja, na ufuko ambao majike wake wameuawa wote haujazwi na majike wa ufuko wa mbali ndani ya umri wa mtu mmoja.

Madume nao wana namna yao. Hupandana na majike baharini, wakati mwingine wakiwa safarini, na kiota kimoja kinaweza kuwa na watoto wa baba zaidi ya mmoja. Kwa hiyo vinasaba vya kiini cha seli, ambavyo hutoka kwa wazazi wote wawili, huchanganyika kuliko vile vya mitokondria. Mtafiti anayetaka picha kamili hulazimika kusoma vyote viwili. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaosema kwamba madume wakichanganya damu basi mambo ya ukoo hayana maana. Yana maana, kwa kuwa anayepanda ufukoni na kuchimba shimo la mayai ni jike.

Sasa hapa ndipo hesabu ya dunia inapotuchanganya. Kisiwa cha Aldabra, kilicho Ushelisheli, kilipiga marufuku uvunaji wa kasa mwaka 1968, na tangu wakati huo viota vyake vimeongezeka mara kadhaa. Ongezeko la namna hiyo ndilo linaloinua wastani. Kasa wa visiwa kama hivyo, vikiwemo vya Komoro, baada ya kutaga huondoka kwenda malishoni, na sehemu ya malisho hayo ni nyasi za baharini za pwani ya Afrika Mashariki, zikiwemo zetu. Maana yake ni kwamba kasa mkubwa tunayemwona akichunga katika ghuba zetu anaweza kuwa mgeni aliyezaliwa mbali, wakati yule anayetaga katika fukwe zetu anaweza kuwa wa ukoo mwingine ulio mdogo zaidi. Kuwaona wengi majini hakuthibitishi kwamba wanaotaga hapa wameongezeka. Na wavu wa jarife ukimzamisha yule mgeni, hasara inahesabika Ushelisheli au Komoro, kwenye ufuko ambao hatutauona. Bila kipimo cha vinasaba hatuwezi kujua ni nani kati ya hao wawili anayekufa katika nyavu zetu.

Jarife nimelitaja makusudi. Baruti imezungumzwa sana katika mikoa yetu, na ilistahili, lakini wavu wenye macho makubwa unaotegwa usiku kwa ajili ya papa na taa ndio unaomshika kasa chini ya maji na kumnyima pumzi. Kasa ana mapafu. Akibanwa na wavu muda mrefu hufa maji kama sisi.

Niingie katika maradhi, ambayo ndiyo niliyoyasomea, ingawa kazi yangu kabla ya kustaafu ilikuwa ya ng'ombe na mbuzi. Ugonjwa wa kasa unaoogopwa kuliko mwingine wowote duniani huitwa fibropapilomatosi. Ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1938, kwa kasa wa kijani aliyekuwa akihifadhiwa New York. Huota uvimbe kwenye ngozi laini: pembeni mwa macho, shingoni, kwapani, kwenye mapezi na chini ya mkia. Uvimbe huo unaweza kuwa laini au wenye vijinundu vingi vilivyobanana, wa rangi ya waridi, kijivu au nyeusi. Ukiwa mdogo haumzuii mnyama kuishi, na wapo wanaopona wenyewe. Huko Hawaii ugonjwa ulipanda sana kisha ukapungua kuanzia miaka ya 1990. Ukikua machoni, kasa hupofuka na kushindwa kula. Ukiota kwenye mapafu au figo, hakuna anayeuona mpaka mnyama apasuliwe. Unahusishwa na kirusi cha jamii ya hepesi, ambacho kimepewa namba 5 katika orodha ya virusi vya kasa, na kama hepesi nyingine, kinaweza kujificha mwilini bila dalili yoyote. Kimekutwa hata kwa kasa wasio na uvimbe. Hakuna ushahidi kwamba huwaambukiza watu.

Lililo muhimu kwetu ni mahali ugonjwa huu unapopenda kutokea. Hushambulia zaidi kasa wachanga ambao wametoka bahari kuu na kuhamia maji ya karibu na nchi kavu, na huonekana zaidi katika ghuba zilizofungika, zenye maji ya kina kifupi, karibu na makazi ya watu, mahali ambapo maji machafu na mbolea iliyosombwa na mvua huingia na kukaa. Msomaji anayeijua Ghuba ya Mikindani hahitaji nimchoree ramani. Jirani zetu Kenya, katika kituo cha kutibu kasa kilichopo Watamu, wamekwisha kuwapokea kasa wenye uvimbe huu na kuwafanyia upasuaji. Kasa wanaohama kati ya Kenya, Tanzania na Msumbiji hawapiti forodhani, na si busara kusubiri ugonjwa ubishe hodi wakati nyumba ya pili umekwisha kuingia.

Mwaka jana mvuvi mmoja kijana alinionyesha picha katika simu yake. Ilikuwa ya kasa wa umri mdogo, aliyekutwa amekufa katika wavu, na kwapani pa pezi la kushoto palikuwa na kinundu chenye ukubwa wa limau. Aliniuliza ni ugonjwa gani. Picha haiwezi kujibu swali hilo: kinundu cha namna ile kinaweza kuwa fibropapilomatosi, kinaweza kuwa jipu lililotokana na ndoano ya zamani, na kwa picha yenye ukungu kinaweza kuwa hata fungu la wale wadudu wenye magamba magumu wanaoganda kwenye majahazi na kwenye miili ya kasa dhaifu. Kinachotofautisha ni kisu, darubini na kipimo cha kirusi. Tukaamua kupeleka taarifa. Ofisi ya kwanza ilitueleza kwamba kasa si mnyama wa kufugwa, kwa hiyo hawahusiki. Ya pili ilieleza kwamba kwa kuwa hakuvuliwa bali alijifia, hakuna fomu ya kumwandikia. Tuliporudi mwaloni, vijana walikwisha kumfukia mchangani, juu kidogo ya mstari wa maji kujaa, na walifanya vema, maana jua lilikuwa kali na harufu ilikwisha kuanza. Lakini pamoja naye tulifukia majibu ya maswali yote mawili niliyoyataja, la ukoo na la maradhi.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo: kila kasa anayekufa katika fukwe za Mtwara na Lindi achukuliwe sampuli kabla hajafukiwa.

Naeleza namna inavyofanyika ili asitokee wa kusema kwamba ni jambo la nchi tajiri. Kwa kipimo cha ukoo kinahitajika kipande cha ngozi chenye upana wa milimita tano au sita, kinachokatwa kwa wembe mpya kwenye ukingo wa pezi la nyuma au shingoni. Kipande hicho huwekwa katika kichupa chenye spiriti kali au maji yaliyokolezwa chumvi mpaka chumvi nyingine isiyeyuke tena. Katika joto letu, bila jokofu, ngozi iliyotunzwa hivyo huweza kusubiri wiki nyingi kabla ya kufika maabara. (Mikoa inayovuna chumvi kama yetu haiwezi kudai kwamba vifaa vimekosekana.) Uvimbe ukiwepo, hukatwa vipande viwili: kimoja huingia katika formalini, dawa ya kuzuia kuoza, kwa ajili ya darubini, kingine katika spiriti au chumvi kwa ajili ya kutafuta kirusi. Cha darubini ndicho chenye haraka, kwa sababu mzoga uliolala juani tangu asubuhi huwa umekwisha kuharibika seli zake ifikapo jioni. Cha vinasaba huvumilia zaidi. Huandikwa tarehe, mahali, aina ya kasa, urefu wa gamba lake na aina ya wavu. Kazi hiyo yote haimalizi nusu saa, na mjumbe wa BMU, yaani kikundi cha wanakijiji cha kusimamia rasilimali za uvuvi, aliyemaliza darasa la saba anaweza kuifanya baada ya mafunzo ya siku moja.

Viota navyo vina hazina yake. Watoto wakishaanguliwa na kuondoka, hubaki mayai yasiyoanguliwa na vifaranga vilivyokufa ndani ya shimo, na kwa hao mtu anaweza kusoma vinasaba vya mama, na hata kukadiria idadi ya akina baba, bila kumgusa kasa aliye hai. Mwaka 2022 watafiti wa Florida walichapisha jambo lililonifurahisha zaidi: kwamba mchanga uliokokotwa na kasa alipopanda ufukoni hubaki na chembe za vinasaba vyake, kiasi kwamba kijiko cha mchanga kutoka kwenye nyayo zake kinaweza kutaja aina na hata ukoo wake. Sitazamii tuanze na hilo. Tuanze na wembe na chumvi.

Pale ambapo viota huhamishwa kwa sababu bahari inakula ufuko, na hili linafanyika kwa nia njema, nina neno kwa wanaohamisha. Kiinitete, yaani mtoto anayeanza kuumbwa ndani ya yai la kasa, baada ya saa chache hujishikiza kwenye sehemu ya juu ya ganda, na yai likigeuzwa wakati huo kiinitete hufa. Vilevile, kufukia mayai mahali palepale kila msimu huzidisha kuvu wa jamii ya Fusarium, ambao katika sehemu nyingi za dunia wamekutwa wakiua mayai, hasa kwenye mchanga wenye unyevu mwingi. Mahali pa kuhamishia pabadilishwe, na maganda ya zamani yaondolewe.

Nirudi kwenye vinasaba kwa upande mmoja ambao huunganisha ukoo na maradhi. Ramani ya awali ya vinasaba vya kasa wa kijani ilichapishwa mwaka 2013, na mwaka 2023 ikatoka iliyo kamili zaidi, ikiwa pamoja na ya noa. Walipozilinganisha, walikuta kwamba kasa wa kijani ana jeni nyingi zaidi za kinga ya mwili na za kunusa, na tofauti kubwa zaidi kati ya mmoja na mwingine, kuliko noa, ambaye utajiri wake wa vinasaba ni mdogo sana. Jeni za kinga ndizo zinazoamua kundi la wanyama litakavyopokea kirusi kipya. Kundi lenye majike wachache waliozaliana kwa ukaribu huwa na jeni hizo chache, na ugonjwa ambao ungeua baadhi katika kundi kubwa unaweza kuua wengi katika kundi dogo. Ndiyo maana nasisitiza kwamba ukoo wa wanaotaga hapa ujulikane ukubwa wake halisi kabla ugonjwa haujafika. Hesabu ya nyayo ufukoni peke yake haitoshi, kwa kuwa jike mmoja hutaga mara kadhaa katika msimu mmoja, na nyayo nyingi zinaweza kuwa za majike wachache.

Kuna na suala la joto. Kasa hana kromosomu za jinsia. Mtoto huwa jike au dume kufuatana na joto la mchanga katikati ya kipindi cha kulala kwa mayai. Karibu na nyuzi joto 29 huzaliwa takriban nusu kwa nusu, juu ya hapo huzidi majike, chini ya hapo huzidi madume. Huko Australia, utafiti uliotoka mwaka 2018 ulionyesha kwamba miongoni mwa kasa wachanga wenye asili ya kaskazini mwa Mwamba Mkuu wa Kizuizi (Great Barrier Reef), takriban asilimia 99 walikuwa majike. Mtu anaweza kuwaona majike wengi ufukoni akafurahi kwamba idadi imepanda, huku madume wakiendelea kuadimika. Kipimajoto cha kuzikwa mchangani hakigharimu fedha nyingi, na mivinje, mikadi na vichaka vya ufukoni tunavyovikata ili watalii waone bahari vizuri ndivyo vinavyopunguza joto la viota.

Kuhusu nyama, nitakuwa na maneno machache lakini ya wazi. Machi 2024, katika Kisiwa Panza huko Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki dunia baada ya kula nyama ya kasa, na watu wengine 78 wakalazwa. Novemba 2021, pia Pemba, walikufa watu saba. Sumu hiyo inadhaniwa kutokana na mwani au viumbe vidogo ambavyo kasa amekula. Kupika hakuiondoi, kuchemsha kwa muda mrefu hakuiondoi, na kasa mwenye sumu hana dalili ambayo mpishi anaweza kuiona. Hakuna dawa ya kuitangua, na mama aliyekula anaweza kumpitishia mtoto kwa maziwa ya titi. Anayesema kwamba tangazo la IUCN limeirudisha nyama sokoni anawaweka watoto wa wenzake hatarini, na ningependa viongozi wa mitaa na wa misikiti walisemee hili kabla msiba haujavuka kuja huku.

Najua kikwazo kikubwa cha ombi langu ni hofu. Mvuvi aliyemkuta kasa amekufa wavuni hujiuliza: nikitoa taarifa, sitakamatwa mimi? Na mjumbe wa BMU aliye na kipande cha ngozi ya kasa mfukoni anaweza kuulizwa kibali cha kukimiliki. Hofu hiyo haina budi kuondolewa kwa maandishi. Uongozi wa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, pamoja na halmashauri za wilaya za pwani, wakishirikiana na wenye mamlaka ya uvuvi, wanaweza kutoa waraka wa ukurasa mmoja unaosema kwamba kutoa taarifa ya kasa aliyekufa si kosa, unaotaja majina ya wanaoruhusiwa kuchukua sampuli, na unaotaja mahali zinapopelekwa. Wakala ya Maabara ya Veterinari ina kituo chake hapa Mtwara. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina wataalamu wanaosoma vinasaba vya virusi vya mifugo. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo Zanzibar. Asasi ya Sea Sense imekuwa ikifanya kazi na wanavijiji wa pwani yetu katika kulinda viota kwa zaidi ya miaka ishirini, na uzoefu wake hauna sababu ya kuachwa pembeni.

Nataka sampuli zipimwe nchini kwa sababu ya kiutendaji. Kipande cha ngozi ya kasa kikivuka mpaka kwenda maabara ya nje kinahitaji vibali vya CITES vya pande zote mbili, kwa hiyo sampuli nyingi hukaa kabatini zikisubiri karatasi. Ikisomwa hapa, kinachovuka mpaka ni majibu tu, na majibu hayahitaji kibali cha CITES. Kwa majirani zetu wa Cabo Delgado, ambako kasa wa kisiwa cha Vamizi wamefuatiliwa kwa miaka mingi, hilo lingewezesha kulinganisha ukoo wa pande mbili za Ruvuma kwa barua pepe. Tanzania na Msumbiji zote zimetia saini makubaliano ya kuhifadhi kasa wa Bahari ya Hindi na Kusini-Mashariki mwa Asia, na kubadilishana takwimu ni mojawapo ya mambo yaliyokusudiwa humo.

Ningeomba, kupitia safu hii, uongozi wa hifadhi na maofisa uvuvi wa Mtwara, Lindi na Kilwa watujibu mambo mawili: mvuvi akimkuta kasa amekufa leo, ampigie nani simu, na huyo atakayepigiwa, anacho kichupa cha chumvi? Mimi na vijana wa mwalo wetu tuko tayari kujitolea kwa mafunzo hayo siku yoyote tutakayoitwa, na kijana mwenye ile picha bado ameihifadhi, pamoja na tarehe na mahali alipotega.

Mtaalamu mstaafu wa mifugo,
Mikindani, Mtwara.